Kibuyu chirizi ni nini, na kwa nini kimoja hakitoshi shuleni

Kibuyu chirizi ni chombo cha kunawia mikono kwa maji yanayotiririka mahali pasipo bomba. Ni kidumu cha plastiki, mara nyingi cha lita 5, kilichotobolewa kitundu kidogo, kikaning'inizwa kwenye ufito na kufungwa kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, kidumu kinainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, kinarudi wima na maji yanakatika. Jina linatokana na kibuyu cha mmea, kwa sababu ndicho kilichotumika mwanzo. Ubunifu wenyewe ulianzia Zimbabwe miaka ya 1980. Siku hizi nafasi ya kibuyu imechukuliwa na kidumu cha mafuta ya kula, ila jina limebaki, na bwana afya anapokagua choo kijijini Tanzania bado anauliza: kibuyu chirizi kiko wapi?

Siri yake iko kwenye mguu. Mtoto akitoka chooni, mkono wake ndio mchafu. Akifungua koki kwa mkono huo, uchafu unabaki kwenye koki, na akishanawa anaufuata palepale anapofunga. Kwenye kibuyu chirizi mkono haushiki kitu zaidi ya sabuni. Tena maji yanapita na kwenda zake, tofauti na beseni la maji ya kunawa ambalo darasa zima linachovya mikono kabla ya uji: wa kwanza ananawa, wa thelathini anachovya kwenye uchafu wa ishirini na tisa waliomtangulia. Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo husafiri kwa njia hiyo hiyo, kutoka kwenye kinyesi hadi kinywani.

Kukitengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Tafuta nguzo mbili zenye panda, urefu wa mita 2, na uzichimbie sentimita 45 hadi 50, zikiachana kiasi cha sentimita 60 au 70. Pasha msumari moto kwenye mshumaa, toboa kidumu upande wa mbele ulipo mdomo, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko. Pitisha ufito wa mita 1 kwenye mkono wa kidumu, kisha ulaze juu ya panda. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ishushe hadi kwenye ncha ya kijiti cha kukanyagia, ncha hiyo ikae juu ya ardhi kama sentimita 15. Chini yake chimba kishimo ujaze kokoto na changarawe, maji yapotelee humo. Bila changarawe patakuwa na tope kwa siku mbili tu, na mtoto mwenye viatu safi vya shule hatasogea hapo.

Kinachoharibika mara kwa mara ni kitundu. Wengi hutoboa kwa msumari mnene, maji yakatoka kama ya bomba na kidumu kikaisha kabla nusu ya watoto hawajafika. Wengine hutoboa chini mno, kikawa kinavuja hata kikiwa wima. Kitundu ndicho kinachoamua ujazo: ukitia maji kupita usawa wake yanamwagika yenyewe, kwa hiyo weka alama ya kalamu chini kidogo ya kitundu na mfundishe anayejaza asiivuke. Maji yakigoma kutoka ilhali kidumu kimejaa, legeza kifuniko. Hewa haina pa kuingilia. Nguzo nazo huliwa na mchwa, basi paka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Kimo pia kinasahaulika. Kidumu kikitundikwa kwa kimo cha mwalimu, mtoto wa awali ananyanyua mikono na maji yanamshukia hadi kwapani. Viwepo vifupi, kitundu kikiwa usawa wa kiwiko cha mtoto mfupi kuliko wote. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu au mwenye ulemavu wa miguu hawezi kukanyaga. Yeye awekewe ndoo yenye koki, kwa kimo anachokifikia akiwa ameketi.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili kwa shule. Kunawa kwa kibuyu chirizi hutumia kama mililita 50 za maji, wakati kumiminiwa kwa jagi hufika nusu lita kwa urahisi. Shule ya wanafunzi 400 itanawa mara moja kwa lita 20, yaani ndoo kubwa moja. Kwa jagi ingehitaji lita 200. Maji basi si kisingizio, hasa pale ambapo kila mwanafunzi huja na kidumu chake kutoka nyumbani. Kikwazo ni muda. Kulowesha, kusugua sekunde 20 na kusuuza huchukua nusu dakika. Mapumziko ya dakika 30 yanatosha watoto 60 kwa kibuyu kimoja, na kwa wanafunzi 400 unahitaji saba. Shule nyingi hutundika kimoja au viwili mbele ya ofisi, mahali mgeni atakapoviona, kisha zinashangaa watoto hawanawi. Mtoto mwenye njaa hapangi foleni ya dakika 20 kwa ajili ya maji. Anaruka kwenda kwenye uji. Viwekwe hatua chache kutoka mlango wa choo na kwenye njia ya kwenda jikoni, na watoto wafundishwe kulowesha, kusogea pembeni kusugua, kisha kurudi kusuuza. Mwenzake analowesha wakati huo, na foleni inapungua karibu nusu.

Sabuni ndiyo inayong'oa mafuta ya ngozi pamoja na vijidudu vilivyoganda humo. Maji matupu hupita juu juu. Kipande cha sabuni kitobolewe katikati, kipitishiwe kamba na kuning'inizwa kando ya kidumu, chini ya kopo lililofunikizwa ili mvua isikiyeyushe. Pwani kunguru huondoka nacho, na kwingine kinaibwa. Dawa yake ni maji ya sabuni: changanya gramu 30 za sabuni ya unga na lita 1.5 za maji kwenye chupa, toboa kifuniko, tikisa. Hakuna anayeiba maji ya sabuni, na gharama yake ni ndogo.

Ujazaji uwe wa zamu iliyoandikwa ukutani, jina la mkondo na siku, asubuhi kabla ya paredi na tena kabla ya uji. Zamu ya "kila mtu" ni ya hakuna mtu. Ukitaka kujua kama vibuyu vinatumika, usiulize, kwa sababu kila mtoto atajibu ndiyo. Pita mara baada ya mapumziko, uangalie changarawe: iwe mbichi. Kisha pima kipande cha sabuni kwa vidole. Kama wiki mbili zimepita na maandishi ya kiwandani bado yanasomeka juu yake, hapo hakuna anayenawa.