Je, wajua kwa nini tanki lilelile hukupa kilomita 1,000 kwenye lami na 400 tu mchangani?

Chukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ya dizeli yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, tanki la lita 130. Kwenye lami, kwa mwendo wa 80 hadi 90, gari hili hula kama lita 12 kwa kila kilomita 100, yaani tanki moja linakuvusha kilomita 1,000. Liingize kwenye mchanga laini, ulaji unapanda hadi lita 30 na zaidi, na tanki lilelile linakauka kabla hujamaliza kilomita 450. Nozeli ni nzima, pampu ni nzima. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na injini kwa kila mita.

Gari lenye mzigo la tani 3 likitembea kwenye lami, tairi zinalipinga kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 45 hivi. Ni kama kamba imefungwa nyuma ya gari, ikapita kwenye roda, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, tena pungufu kidogo, unaning'inia upande wa pili. Upepo nao, kwa mwendo wa 90, unaongeza kama kilo 60. Jumla kilo 105. Sasa ingia mchangani. Tairi inazama, mbele yake kunajikusanya kilima kidogo, na gari linapanda kilima hicho saa zote bila kufika kileleni. Upinzani wa tairi peke yake unaruka hadi kilo 450. Upepo hapo si kitu: kwa mwendo wa 30 ni kilo 7 tu, kwa sababu upinzani wa hewa hufuata mraba wa mwendo. Ndiyo maana keria iliyojaa mizigo juu ya paa hukugharimu sana barabara kuu, lakini porini kinachokuumiza ni uzito wake, si umbo lake.

Mtu atauliza: mbona kazi imezidi mara nne na ushee, lakini mafuta hayajazidi mara nne? Injini iliyobanwa na mzigo huyatumia mafuta vizuri kuliko injini inayokwenda na mzigo mwepesi. Afueni hiyo huliwa nusu na gia ndogo. Ukiweka foo wili ya chini (gia ya nguvu inayosukuma magurudumu yote manne), injini huzunguka mara nyingi sana kwa kila mita unayosogea. Injini ikila lita 4 kwa saa na wewe unatambaa kilomita 8 kwa saa kwenye mawe, huo ni ulaji wa lita 50 kwa kilomita 100. Porini saa huhesabiwa sawa na kilomita.

Kuna kosa la hesabu linalowakwamisha hata madereva wazoefu. Sisi tumezoea kusema gari linakwenda "kilomita 9 kwa lita". Njia yako ikiwa nusu lami ya kilomita 9 kwa lita na nusu mchanga wa kilomita 3 kwa lita, wengi husema wastani ni 6. Si 6. Kilomita 100 za kwanza zinakula lita 11.1, za pili lita 33.3, jumla lita 44.4 kwa kilomita 200: ni kilomita 4.5 kwa lita. Aliyebeba mafuta ya 6 ameacha robo ya mafuta yake sheli. Dawa ni kuhesabu kwa lita za kila kilomita 100, kipande kwa kipande, halafu kujumlisha.

Kabla ya safari ni lazima uujue ulaji wa gari lako mwenyewe, si ule wa kwenye kijitabu. Jaza tanki hadi bomba la pampu lijikate mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Sifurisha kilomita. Tembea angalau kilomita 200 ukiwa na mzigo ule utakaobeba, rudi pampu ileile, jaza tena hadi ijikate. Lita zilizoingia gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, kilomita za dashibodi zinakudanganya: aliyetoka 265/75R16 kwenda 285/75R16 anatembea kilomita 103.7 huku dashibodi ikisoma 100. Linganisha na ramani ya simu mara moja, uandike tofauti hiyo.

Tuingie kwenye njia halisi: kaskazini mwa Kenya, kutoka mji wa Marsabit kushuka Maikona, Kalacha, kukata ukingo wa jangwa la Chalbi hadi North Horr, kisha Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na kurudi. Tuseme kilomita 270 kwenda, 540 kwenda na kurudi. Zigawe kwa hali ya ardhi. Kilomita 300 za vumbi na changarawe kwa lita 15 kila kilomita 100: lita 45. Kilomita 180 za mchanga wa wastani na mawe meusi ya volkano kwa lita 20: lita 36. Kilomita 60 za mchanga laini kwa lita 30: lita 18. Tumefika 99. Ongeza kilomita 60 za kupotea njia, kutafuta kambi na kuzungukazunguka, lita 11. Injini kuunguruma gari likiwa limesimama, saa 6 kwa lita moja kila saa, lita 6. Jumla 116. Weka akiba ya robo, lita 29, unapata 145.

Mlima wengi huuogopa kuliko mchanga, na huo ni woga wa bure. Marsabit iko juu ya mita 1,300, Chalbi iko chini ya 400. Kulipandisha gari la tani 3 mita 900 na zaidi wakati wa kurudi kunahitaji kama lita 3 za dizeli, basi. Kilomita 15 za mchanga laini zinakula zaidi ya hapo.

Akiba ya robo nayo ina sababu. Chalbi ikiwa kavu ni ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha inageuka tope lisilopitika, na gari lililokwisha kufika Loiyangalani huenda likalazimika kurudi kwa upande wa kusini hadi Laisamis, likapande lami kuelekea Marsabit. Akiba ni ya mzunguko huo. Anayeihesabu kuwa mafuta ya matembezi ya jioni ziwani hana akiba.

Tanki la lita 130 halikupi lita 130. Mdomo wa bomba la kunyonya haugusi sakafu ya tanki, na gari likiinama kwenye korongo mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Lita 10 za chini zihesabu si zako. Zinabaki 120, unapungukiwa 25: beba madumu mawili ya chuma ya lita 20. Kila moja likiwa na dizeli ni kilo 21 hivi, kwa hiyo yakae chini na katikati ya gari, si juu ya paa. Usijaze hadi shingoni. Petroli hutanuka kama asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, dizeli pungufu kidogo. Lita 20 za petroli zilizojazwa alfajiri kwenye baridi zinaongezeka nusu lita jua likiwaka. Dumu la plastiki la mafuta ya kula halifai kwa petroli hata kidogo: linalainika, linavimba, linavujisha mvuke. Na ukijaza dumu, literemshe ardhini kwanza, usilijazie ndani ya gari, maana cheche ya umeme tuli inatosha kuwasha mvuke.

Njia nafuu ya kupunguza ulaji mchangani ni kutoa upepo. Tairi yenye upepo wa psi 45 ishushe hadi 22, ikanyage kwa urefu badala ya kuchimba, na kile kilima cha mbele ya tairi kinapungua sana. Usizidi mwendo wa 40 wala usikate kona kwa ghafla, tairi itachomoka kwenye rimu. Uwe na kompresa ya kurudisha upepo ukifika kwenye mawe, la sivyo utakachookoa kwenye dizeli utakilipa kwa tairi zilizopasuka ubavuni.

Njiani usiuamini mshale, kwa kuwa tanki si boksi lenye pande sawa na nusu ya juu haiendi sawa na nusu ya chini. Utumie kwa jambo moja tu. Mshale ukifika kwenye alama fulani, tuseme robo tatu, simama tambarare, subiri utulie, mimina dumu moja la lita 20 na uandike kilomita. Endelea hadi mshale urudi kwenye alama ileile, tena ukiwa tambarare. Ikiwa umetembea kilomita 110, unakula lita 18.2 kwa 100. Sasa una namba ya njia hiyo, siku hiyo, mzigo huo. Ikizidi hesabu yako kwa zaidi ya robo, geuza gari ukiwa bado na uwezo wa kugeuza.

Na dizeli ikikauka kabisa, kumwaga dumu hakutoshi, maana hewa imeingia kwenye mabomba. Mimina angalau lita 10, legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, kandamiza pampu ya mkono iliyo hapohapo hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza, endelea kukandamiza hadi iwe ngumu mkononi, kisha piga stata kwa sekunde 10 hadi 15 kila mara ukiipumzisha. Ikikataa, legeza nati za mabomba ya nozeli mbili tatu, piga stata hadi zichuruzike, kaza. Betri ikiwa dhaifu, fanya kazi yote hiyo kwa mkono kabla hujagusa ufunguo.