Jina la king'amuzi halikuambii chipu iliyomo

Wengi Unguja na Pemba huamini kuwa king'amuzi chenye jina kubwa lazima kitoe picha safi kuliko cha bei nafuu kinachouzwa Darajani au Chake Chake. Si ajabu, anayelipa zaidi hutarajia zaidi.

Lakini mwenye jina kwenye kasha kwa kawaida siye aliyeunda chipu, kile kipande kidogo cha elektroniki kilichomo ndani. Chipu ndiyo inayopokea mawimbi, kuyafumbua na kutoa picha. Kampuni zinazoziunda ni chache, na kila moja huziuzia chapa nyingi. Katika kushindana, zilikusanya kazi za chipu kadhaa ndani ya moja, na hilo lilisaidia kushusha bei. Ndiyo maana ving'amuzi viwili vyenye majina tofauti huweza kuwa na chipu ileile.

Kwa king'amuzi cha antena, si cha dishi, soma boksi kwanza. Kilichoandikwa DVB-T pekee, mfumo wa 1997 wa kurusha TV kwa antena, hakisomi mawimbi ya DVB-T2, mfumo wa 2009, hata kiwe cha jina gani. Kisha azima cha jirani, ukichomeke kwenye antena yako mwenyewe. Picha ikikatika kwa vyote viwili, kagua antena, waya na viungio vyake, hasa kwetu visiwani ambako chuma hakikawii kushika kutu.