Dashibodi inasema 16, pampu inasema 15: dhana potofu kuhusu ulaji wa mafuta

Nilitoka Tabora alfajiri, nikaingia Kigoma jioni, dashibodi ikinionyesha wastani wa kilometa 16.2 kwa lita. Tenki nilikuwa nimelijaza Tabora, kwa hiyo nilipofika Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, nilipita sheli nikajaza tena mpaka pampu ikajikata. Kilometa 462, lita 31.0. Ukigawanya unapata 14.9. Kwa hesabu ya dashibodi nilitakiwa kutumia lita 28.5 tu. Hizo mbili na nusu zilienda wapi?

Majibu matatu nilipewa jioni ileile. Dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu alisema nimepunjwa. Jamaa aliyekuwa akijaza upepo akasema barabara ya Tabora ni mteremko mpaka ziwani, ndiyo maana dashibodi imedanganyika. Fundi wangu nilipompigia simu hakusita: "Hizo ni nozeli, mkuu. Lete tusafishe." Alimaanisha vidude vinavyopulizia petroli kwenye injini. Wote walisema kwa nia njema, na wote walikosea. Nayaandika haya kwa sababu majibu kama hayo yanawagombanisha watu na wauza mafuta, yanawanunulisha sensa wasizohitaji, na nimeona mtu akiuza gari zima kabisa kwa hasara.

Dhana: Dashibodi hupima mafuta yanayotoka kwenye tenki.

Ukweli: Haipimi. Katika magari yetu madogo ya petroli hakuna mita ya lita kati ya tenki na injini. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke kwa muda gani, muda unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na imewekewa tangu kiwandani kiasi cha mafuta ambacho nozeli ile hupitisha ikiwa wazi. Inazidisha, inajumlisha, kisha inalinganisha na umbali ilioupata kutokana na mzunguko wa magurudumu. Ni makadirio ya kitaalamu, lakini ni makadirio. Kupishana kwa asilimia chache ni kawaida, na mara nyingi kosa huangukia upande wa kulisifu gari. Umoja wa Ulaya, ambao tangu 2021 unataka magari mapya ya petroli na dizeli yatunze ndani yake kumbukumbu ya mafuta yaliyotumika, wenyewe unaruhusu kumbukumbu hiyo ikosee hadi asilimia 5. Langu la mtumba kukosea karibu 9 halikunishtua tena nilipolijua hilo.

Hapo ndipo fundi alipoteleza. Nozeli ikiziba kidogo, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huona mafuta hayatoshi, na kompyuta huiacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hesabu yake, muda mrefu ni mafuta mengi. Kwa hiyo nozeli chafu huifanya dashibodi itaje ulaji mkubwa kuliko wa kweli, kinyume kabisa na langu. Nozeli inayovuja ndiyo inayoweza kuifanya dashibodi isifie, lakini hiyo mara nyingi huja na harufu ya petroli, plagi nyeusi na gari gumu kuwaka asubuhi. Sikuwa na dalili hata moja.

Jambo ambalo wengi hatulifikirii ni matairi. Tairi jipya lina mifereji yenye kina cha milimita kama 8. Likiisha hadi 2, gurudumu limepungua kimo na linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Gari linahesabu kilometa za ziada, karibu asilimia 2. Aliyefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili kupambana na makorongo anapata kinyume chake: gari lake linaandika kilometa pungufu, naye anaamini limeanza kula. Kosa hili linaingia kwenye dashibodi na kwenye hesabu ya daftari pia, ile ya kugawanya kilometa kwa lita za pampu. Linganisha umbali na ramani ya simu kwenye safari moja ndefu, utajua lako.

Dhana: Dashibodi na pampu zikipishana, pampu inaiba.

Ukweli: Ujazo mmoja hauwezi kuthibitisha wizi. Pampu hujikata mapema au ikachelewa kutegemea gari limesimama wapi. Mji wetu una miinuko, na hata uwanja wa sheli huwa na mwinamo. Tofauti ya lita moja tu ukijaza lita 15 ni karibu asilimia 7. Ukijaza lita 40, lita hiyohiyo ni asilimia 2.5. Ndiyo maana hesabu ya maana hufanywa kwa ujazo mkubwa, mara nne au tano, ikiwezekana pampu ileile na gari likiwa limesimama palepale. Ukiwa bado na shaka, pampu zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo na hubandikwa stika ya ukaguzi. Kuna chombo cha kupimia lita 20 kwa ajili ya kazi hiyo. Peleka malalamiko huko. Kijana anayeshika pampu hana majibu yako, na si haki kumtukana mbele ya wateja.

Dhana: Tabora kuja Kigoma ni mteremko, ndiyo maana namba zinadanganya.

Ukweli: Mteremko upo. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita kama 773. Lakini nishati anayoipata mtu kwa kushuka zaidi ya mita 400, gari likiwa na kilo 1,200 pamoja na abiria, ni sawa na kazi ambayo injini huifanya kwa takriban nusu lita ya petroli. Katika lita 31 hiyo ni tone. Zaidi ya hapo, ukishuka nozeli zinafunguka kidogo na kompyuta inalihesabu hilo, kama inavyohesabu AC, foleni, na madumu kumi ya mawese uliyopakia nyuma. Mzigo wowote unaoifanya injini inywe zaidi, dashibodi inauona. Mteremko hauwezi kuipishanisha na pampu.

Dhana kwamba kushuka kwa nyutro kunaokoa mafuta nayo imezoeleka hapa kwenye miteremko ya kushuka kutoka Mwanga kwenda stesheni. Gari la nozeli likiwa kwenye gia, ukatoa mguu, kompyuta hufunga mafuta kabisa. Ukiweka nyutro injini inabaki silensa, yaani inaunguruma polepole bila kuvuta gari, na silensa inakula. Unalipia mafuta na unapoteza msaada wa injini kwenye breki. Tafadhali acheni.

Dhana: Gari lilipimwa Japani kilometa 18 kwa lita, likitoa 13 hapa limechoka.

Ukweli: Namba za Japani zilipatikana maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mashine. Kipimo cha zamani, kile cha 10-15, kilikuwa safari ya kilometa 4.16 tu, injini ikiwa tayari imepata moto, na mwendo usiozidi kilometa 70 kwa saa. Kilichofuata, JC08, kiliongeza urefu hadi kilometa 8.17 na sehemu ya kuanza injini ikiwa baridi. Hakuna mchanga, hakuna mvua, hakuna keria juu. Hata vipimo vipya vya Ulaya havifikii barabara: ripoti ya Kamisheni ya Ulaya ya 2024 iliona magari ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa 2021 yakitumia karibu asilimia 20 zaidi ya namba rasmi, na hayo ni mapya, kwenye lami. Na kile kibandiko cha kijani kwenye kioo cha nyuma, ambacho madalali hukionyesha kama hati, kinasema tu kwamba gari lilivuka lengo la Japani kwa magari ya uzito wake. Heisei 22 iliyoandikwa pale, kwa kalenda ya Kijapani, ni 2010, mwaka wa lengo. Gari linaweza kuwa la 2005.

Dhana: "Nikiweka ya elfu thelathini nazunguka wiki nzima."

Ukweli: Shilingi si kipimo cha mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na huku kwetu bei huzidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Elfu thelathini ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi ujao. Andika lita.

Kuna kosa la hesabu ambalo hata walimu wenzangu hulifanya. Umekwenda kilometa 100 barabara kuu kwa kilometa 16 kwa lita, ukazunguka mjini na Ujiji kilometa 100 nyingine kwa 8. Wastani si 12. Barabara kuu ulitumia lita 6.25, mjini 12.5, jumla 18.75 kwa kilometa 200. Ni 10.7. Ukijumlisha namba za dashibodi za safari mbalimbali na kugawanya, utajidanganya bila msaada wa mtu.

Mimi nilianza daftari jioni ile. Ujazo tano mfululizo, dashibodi ilizidi pampu kwa asilimia kati ya 7 na 9, haikutoka hapo. Kisha ukaja ujazo ambao dashibodi ilisema 13.8 na daftari 12.7. Tofauti ileile, namba zote mbili zimeshuka: pampu haikuhusika, gari kweli lilikuwa linakula. Nikamwita fundi wangu, nikamwambia aache nozeli ashike ringi. Ya mbele kushoto ilikuwa ya moto. Pistoni ya breki imekwama kwa kutu. Ujazo uliofuata: 16.0 na 14.7.