Mama wa dagaa na salio la -0.00

Niliwahi kumwandikia programu ndogo ya stoo mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo ukishuka kwenye boti unapimwa na kuandikwa kwa tani, magunia yakitoka salio linapungua. Siku ya tatu tu akanipigia simu. Zilikuwa zimeingia tani 0.3, asubuhi ikatoka 0.1, mchana 0.2. Skrini ikaandika salio -0.00 kwa rangi nyekundu, na chini yake: mzigo uliotoka umezidi ulioingia.

“Hii kutoa sifuri ndiyo nini mwanangu? Nimeibiwa?”

Hakuna aliyeibiwa. Kompyuta inaandika namba kwa sifuri na moja tu. Nusu, robo na moja ya nane zinaandikika humo bila shida. Moja ya kumi haiandikiki: inakuwa 0.000110011001100... na haiishi, kama sisi tunavyohangaika na moja ya tatu, 0.333. Kwa utaratibu wa IEEE 754 wa mwaka 1985, yaani kanuni ya jinsi kompyuta inavyoandika namba zenye desimali, ambayo mtaalamu wa hesabu za kompyuta William Kahan alikuwa mmoja wa walioiasisi, namba ya biti 64 (sifuri na moja 64) ina nafasi ya tarakimu 53 za maana. Zinazozidi zinakadiriwa. Kwa hiyo 0.3 toa 0.1 ikatoka 0.19999999999999998, na ukitoa 0.2 unabaki na hasi ambayo kwa uzito haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Lakini programu haijui huruma: hasi ni hasi.

Kwanza nikafanya uvivu, nikakadiria namba pale pa kuonyesha tu. Ile alama ya kutoa ikapotea, onyo jekundu likabaki, maana sharti la kutoa onyo lilikuwa linasoma namba halisi, si ile ya kwenye skrini. Nikaweka kiwango cha uvumilivu: chochote kilicho chini ya 0.0000001 kihesabiwe sifuri. Ikafanya kazi, ila kiwango kimoja hakifai kila mahali. Kwenye namba ya 10,000,000,000,000,000 pengo kati ya namba na jirani yake ni 2 nzima, ukijumlisha 1 haionekani kabisa. Huko uvumilivu upimwe kwa uwiano wa namba zenyewe.

Dawa yenyewe ilikuwa kuacha tani. Sasa natunza gramu, namba nzima: 300,000 toa 100,000 toa 200,000. Hata aina ileile ya biti 64 inahesabu namba nzima bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992, na dagaa wa ziwa zima hawafiki huko.

Wastani na vipimo vya mfululizo haviponi hivyo. Hapo natumia njia aliyoichapisha Kahan mwaka 1965: kila unapojumlisha, kile kidogo kilichomegeka unakiweka pembeni na kukirudisha kwenye hatua inayofuata, kama konda anayekuomba radhi kituoni kisha anakupa chenji yako mbele. Na makosa haya madogo si mzaha: Dhahran, Saudi Arabia, mwaka 1991, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora uitwao Patriot, uliokuwa umewashwa kwa saa 100, ulikosea kuhesabu muda kwa takriban sekunde 0.34, sababu ni hiyohiyo moja ya kumi. Kombora la Iraq lilipita bila kutunguliwa, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani.

Nilipomrudishia programu, mama akaingiza mwenyewe 0.3, 0.1, 0.2. Sifuri. Kisha akaniuliza mbona mizani yake inasoma gramu 20 kabla hajaweka kitu. Nikamwambia kwa hilo sasa amtafute fundi mizani.