Laptopu yako haijafa Oktoba 14, ila ina tarehe ya kwisha muda na aliyekuuzia hakukwambia

Wiki ile ya Oktoba 14, 2025 mwalimu mmoja wa sekondari alinijia dukani Kariakoo, laptopu kaifunga kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba baba" na hata kukaa hajakaa akaniuliza, "Hivi hii inazima yenyewe saa ngapi?" Mi nikadhani anaongelea betri. Kumbe asubuhi kawasha mashine kakuta tangazo limejaa skrini nzima kwamba Windows 10 ndo mwisho wake, halafu kijana mmoja pale shuleni kamtafsiria kwamba ikifika tarehe 14 kompyuta zote za Windows 10 zinazima, na mitihani yote ya kidato cha pili aliyotunga inaenda na maji, kwa hiyo anunue nyingine, na bahati nzuri huyo kijana anayo moja anaiuza.

Swali hilo nimeulizwa kwa simu, kwa WhatsApp, hadi msibani, acha niliandike mara moja nipumzike.

Haizimi. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015 na kilichoisha Oktoba 14, 2025 ni viraka vya bure. Yaani Windows ni kama paa la bati, watu kila siku wanagundua tundu jipya, wengine wanaligundua ili waripoti na wengine ili waingie nalo, na Microsoft ilikuwa inaziba matundu hayo kila Jumanne ya pili ya mwezi, ndo zile apdeti zinazokukera ukitaka kuzima mashine uondoke. Sasa fundi wa paa kaacha kuja. Nyumba ipo, taa zinawaka, Word inafunguka, ila tundu likipatikana leo linabaki wazi. Hata antivairasi ya humohumo ndani, Defender, Microsoft wamesema itaendelea kupokea orodha za virusi vipya mpaka Oktoba 2028, lakini hiyo ni mlinzi getini, paa ni jambo lingine.

Kinachoniuma mimi ni sababu ya mwalimu kushindwa kuhamia Windows 11, kwa sababu mashine yake ni nzima kabisa. Ni HP EliteBook 840 G3, RAM GB 8, SSD, bawaba hazijalegea, kibodi herufi zote zipo, na kwa kutunga mitihani na kuangalia YouTube itamfikisha mpaka anastaafu. Tatizo ni prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ukitaka kujua ya kwako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter, tafuta mstari wa prosesa. Ya mwalimu imeandikwa i5-6300U. Watu wote wanaangalia hiyo i5, na wauzaji wanajua mnaangalia hiyo i5, ndo maana utaambiwa "hii i5 bro" na bei inapanda. Namba ya kuangalia ni ile inayofuata baada ya kistari: 6, maana yake kizazi cha sita. Ikiwa 8250U ni kizazi cha nane. (Zinazoanza na 1, kama 1135G7 au 10210U, unasoma namba mbili za mwanzo, kizazi cha 11 na cha 10.) Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia cha nane, pamoja na chipu ya usalama inaitwa TPM toleo la 2.0. Na hizi mashine za maofisi za kizazi cha sita na cha saba nyingi TPM 2.0 zinayo! Zinakataliwa kwa sababu hazipo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazoruhusiwa tu.

Mwaka 2021 orodha ilivyotoka watu wakapiga kelele kuhusu kizazi cha saba, Microsoft wakaangalia upya, wakaruhusu prosesa chache mno, mojawapo ikiwa i7-7820HQ. Sasa nenda kaangalie Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe waliyokuwa bado wanaiuza kipindi hicho, ndani yake ina prosesa gani. Mimi sisemi kitu.

Najua kuna anayesoma hapa anasema fundi si upige tu 11 kwa kuruka hivyo vizuizi, Rufus ipo, ile programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kupigia Windows, unaweka tiki mbili unatengeneza flashi unamaliza. Ndiyo, na nimefanya sana. Acha niwaambie nilivyojiaibisha. Kuna kijana ana steshenari, mwaka 2023 nilimpigia Windows 11 toleo la 22H2 kwenye mashine ya kizazi cha sita, ikakubali, akafurahi, taskbar iko katikati, akawa anawaonyesha wateja. Nikachukua hela yangu. Mwaka 2025 kaja na tatizo la printa, nikachungulia apdeti nikakuta ya mwisho ni ya Oktoba 2024. Ndo nikakumbuka kitu ambacho nilitakiwa kumwambia siku ile: mashine iliyoingizwa 11 kwa mlango wa nyuma inapokea viraka vya kila mwezi vizuri tu, ila haipandishwi yenyewe kwenda toleo jipya la mwaka, lazima mtu arudi na flashi afanye kwa mkono. Na 22H2 ya Windows 11 kwa matumizi ya kawaida ilikwisha muda Oktoba 8, 2024. Kwa hiyo yule kijana na 11 yake ya kisasa alikaa mwaka mzima bila kiraka hata kimoja huku wenye 10 "ya kizamani" kama ya mwalimu wanavipata kila mwezi. Nilimrekebishia bure, na printa pia.

Haya, tuseme na ukweli mwingine ambao sisi mafundi hatupendi kuusema. Mashine nyingi zinazopita mezani kwangu zilikuwa hazipati apdeti hata kabla ya Oktoba. Mtu anaunga intaneti kwa hotspoti ya simu, kanunua bando la wiki, Windows inaona WiFi inasema aah hapa kuna intaneti ya ofisi, inashusha mamia ya MB usiku, asubuhi bando hamna. Akifanyiwa hivyo mara mbili anamwambia fundi "nizimie hizi apdeti", na fundi anazima, kwa sababu mteja ni mfalme na yeye fundi hotspoti ni hiyohiyo. Na simlaumu. Dawa ilikuwa kuiambia Windows kwamba hii intaneti inalipiwa kwa kipimo, ni swichi moja tu, ukibonyeza jina la WiFi yako kwenye settings imeandikwa "metered connection", ukiiwasha inaacha kushusha mizigo mikubwa, halafu siku ukipita kwenye WiFi ya ukweli unashusha yote. Lakini hiyo swichi hamna aliyewaambia.

Halafu kuna ile Windows yenyewe imetoka wapi. Ukipigiwa window kwa 10,000 hujanunua leseni, umepigiwa na kaprogramu ka kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, na hako kaprogramu sharti la kwanza ni uzime antivairasi kwanza. Umezima mlinzi, ukamfungulia mtu usiyemjua, ukampa funguo zote, alafu leo unaniuliza kwa hofu kuhusu Oktoba 14? Kama laptopu yako ina ugonjwa leo, mimi nitaanza kumshuku yule kabla sijaishuku tarehe.

Mfano mnaoukumbuka ni WannaCry, Mei 12, 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu na kudai bitcoin, ikaingia kompyuta zaidi ya laki mbili kwenye nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Watu wengi wanahadithia kwamba ni kwa sababu ya Windows XP iliyokwisha muda. Zilizoumia zaidi zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapewa viraka, na kiraka cha tundu lile kilishatoka tangu Machi, miezi miwili nyuma. Kilikuwepo, watu hawakukishusha. Kwa hiyo kuwa ndani ya muda kama apdeti umezima ni sawa na kuwa na kadi ya bima huku hospitali huendi.

Tukirudi kwa mwalimu. Ipo njia ya halali ya kuongezewa mwaka mmoja wa viraka, mpaka Oktoba 13, 2026. Inaitwa ESU. Masharti: Windows 10 yako iwe toleo la 22H2 (jina ni lilelile, ila hii ni ya 10, sio ile ya 11), uingie kwa akaunti ya Microsoft, halafu ulipe dola 30 au ukubali settings zako zihifadhiwe kwao mtandaoni, hiyo ya pili haina malipo. Unaenda sehemu ya Windows Update, kuna maandishi "Enroll now". Ukikosa hayo maandishi shusha apdeti zilizobaki kwanza, yanakuja.

Kwa maandishi inaonekana ni kazi ya dakika tano. Sisi ilituchukua saa nzima na robo, kwa sababu akaunti ya Microsoft anayo, alifunguliwa na mwanae mwaka 2019, nywila hajui, na namba ya simu ya kupokelea msimbo wa kuthibitisha ni laini iliyopotea kwenye daladala. Tukafungua nyingine. Ikaja ile ya thibitisha wewe sio roboti, zungusha mnyama aangalie upande wa kidole, mwalimu miwani kaisahau, nikamzungushia mimi, kwa hiyo kisheria sijui nani alithibitishwa pale.

Sasa sikia hii. Nchi za Umoja wa Ulaya hawazungushwi hivyo. Shirika la watetezi wa watumiaji, Euroconsumers, liliwaandikia Microsoft wakisema kumlazimisha mtu ahifadhi vitu vyake kwenye huduma yenu ili apate kiraka cha usalama kunagongana na sheria yao ya masoko ya kidijitali, na Septemba 2025 Microsoft wakalegeza: Ulaya mwaka huo mmoja ni bure bila sharti la kuhifadhi settings, unaingia tu na akaunti. Kiraka ni kilekile, tundu ni lilelile. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kuandika barua na sheria ya kuitaja kwenye barua.

Na laptopu hizi zinatoka wapi? Hukohuko Ulaya. Ofisi ya Uingereza au Ujerumani inabadilisha mashine zake, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja, zinafika Kariakoo kwenye maboksi. Tangu mwaka 2024 naona kizazi cha sita na cha saba zinamiminika kwa bei tamu na kila mtu anachekelea. Hamna muujiza, wenzetu walikuwa wanajua tarehe, wakatoa mzigo kabla haijafika. Mwalimu aliinunua ya kwake 450,000 mwezi wa nane, miezi miwili kabla, na aliyemuuzia alimwambia habari za RAM, habari za betri, hata begi akampa.

Ukienda dukani kununua maziwa ya kopo unageuza chini unaangalia tarehe. Dawa hivyohivyo, hata pampasi zina tarehe. Laptopu ina tarehe iliyotangazwa miaka kabla, iko mtandaoni kila mtu anaweza kuisoma, lakini haijaandikwa popote kwenye boksi wala kwenye risiti. Tuna Tume ya Ushindani, FCC, ambao wengi tunawajua kwa kukamata bidhaa feki. Mi ningetaka wahangaike na hili pia, na sio jambo la kununua mitambo: anayeuza kompyuta, mpya au mtumba, aandike kwenye risiti imekuja na mfumo gani na viraka vyake vinaishia lini. Mistari miwili. Bei itashuka yenyewe kwa zile ambazo zimebakiza miezi, na anayetaka ya bei chee ataichukua akijua.

Wenzangu sokoni hili hawalipendi. Wanasema mtumba ni mtumba, mbona shati halina tarehe. Shati likichakaa unaliona, jamani.

Mtaniuliza Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Ndiyo, kwa matumizi ya intaneti, kuandika na kuprinti, Linux Mint kwenye kizazi cha sita inakimbia kuliko Windows, na hizi Mint za 22 zina viraka mpaka 2029, bure. Nimewawekea watu kadhaa, wengine hata hawajagundua. Ila mwalimu nilimuonyesha mtihani wake ukifunguka kwenye LibreOffice, ndo Word ya bure ya huko, jedwali la swali la nne likawa limeshuka ukurasa wa pili na mishale ya mchoro wa moyo inaelekea kwenye maswali ya kweli au si kweli, akaniangalia tu. Tukaifunga. Labda mwakani.

Kabla hajaondoka nilikata kipande cha plasta ile nyeupe, nikaandika kwa makapeni OKT 13, 2026, nikabandika chini ya laptopu karibu na stika ya HP. Akaisoma mara mbili, akauliza kama ikitoka akija nitambandikia nyingine, nikamwambia nitambandikia. Tangu siku hiyo nimeanza kubandika kwenye kila mashine iliyopo shelfu langu, na jirani yangu wa duka la pili kashanijia mara mbili kulalamika kwamba wateja wanavuka kwake wanageuza laptopu chini wanatafuta plasta.