Mtandao unasingiziwa: dhana potofu kuhusu kompyuta mbili studioni

Kila studio ya chumbani hufika siku laptopu inaanza kukohoa. Umepanga ngoma, besi na vinanda vitatu, ukaongeza kundi la fidla lenye sampuli (sauti halisi zilizorekodiwa) za gigabaiti kadhaa, na sauti inakatikakatika kama redio yenye betri kuukuu. Chini ya meza kuna kompyuta nyingine, ya zamani, iliyofunikwa kitambaa. Wazo linakuja lenyewe: hiyo ya zamani, kompyuta ya mezani, ibebe vinanda, laptopu irekodi, na kati yao upite waya mmoja wa mtandao.

Wazo ni zuri na linafanya kazi. Watunzi wa muziki wa filamu wamelizoea: kompyuta zilizojaa sampuli za okestra huilisha moja ya kurekodia, mara nyingi kupitia Vienna Ensemble Pro, programu ya kampuni ya Vienna Symphonic Library ya Austria. Tatizo ni maneno ya vijiweni. Mengi kati ya niliyoyasikia yanautupia mtandao lawama ambazo si zake.

"Kutuma MIDI ni kutuma sauti"

MIDI haina sauti hata chembe. Tangu ilipotoka mwaka 1983, imekuwa lugha ya maagizo tu: noti namba 60 imebonyezwa, nguvu 100 kati ya 127, chaneli ya 3, noti namba 60 imeachiwa. Wanaosema "midi ina sauti mbaya" wanakumbuka milio ya simu za zamani, na pale ubaya ulikuwa wa simu. Faili lilelile ukilipeleka kwenye piano iliyorekodiwa vizuri, utasikia piano nzuri.

Kwa hiyo kwenye waya wetu kuna safari mbili. Maagizo yanatoka laptopu kwenda kompyuta ya mezani, sauti inarudi. Ya kwanza ni nyepesi mno. Noti moja ni baiti tatu, na kwenye kebo ya zamani ya MIDI ya pini tano, inayopitisha biti 31,250 kwa sekunde, ilichukua karibu milisekunde 1. Bonyeza vidole vyote kumi kwa pamoja, noti ya mwisho inafika milisekunde kama 9 baada ya ya kwanza. Mtandao wa megabiti 100 unazimeza zote hizo bila kushtuka, na bado kuna watu wanaoamini kebo ya pini tano ndiyo yenye kasi.

Kati ya Mac na Windows, njia ya kawaida ya kupitisha MIDI kwenye mtandao ni RTP-MIDI. Apple waliiweka ndani ya mfumo wao tangu toleo la Tiger la mwaka 2005. Kwenye Windows unaongeza rtpMIDI ya Tobias Erichsen, ambayo ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Ina akili moja ninayoipenda. Agizo la "noti imeachiwa" likipotea njiani, kinanda kingelia mpaka asubuhi. Kwa hiyo pakiti hubeba pia kumbukumbu ya yaliyotangulia karibuni, na upande unaopokea hujisahihisha.

"Bando litaisha"

Hili nimeulizwa na kijana aliyekuja kurekodi, akiwa amesimama mlangoni anaangalia waya.

"Kaka, sasa hiyo sauti yote ikipita kwenye mtandao, bando si utanunua kila siku?"

"Mdogo wangu, chomoa modemu uone."

Akachomoa. Kinanda kikaendelea kulia. Mtandao wa ndani ya chumba haugusi intaneti kabisa. Hata ruta si lazima: chomeka waya mmoja moja kwa moja kati ya kompyuta mbili, subiri kidogo, kila moja itajipa anwani inayoanza na 169.254, na zitaonana. Ule waya wa kukata kwa kupishanisha nyuzi tuliokuwa tukiuhangaikia zamani hauhitajiki kwenye tundu za gigabiti.

Na ukubwa? Sampuli (hapa ni vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, biti 24 kila moja, mara mbili kwa kushoto na kulia: megabiti 2.3 kwa sekunde. Stereo kumi zikipita pamoja ni megabiti 23, ongeza kidogo kwa ajili ya vifungashio vya pakiti. Swichi ya mtandao ya bei ya chini kabisa sokoni inazibeba.

"Waifai yangu ina kasi, inatosha"

Hapa kasi ndiyo inayowapotosha watu. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ping na anwani ya kompyuta ya pili, utazame mistari. Kwa waya, Windows yangu iliandika kila mstari kwamba ni chini ya milisekunde 1, mstari baada ya mstari, hadi nikachoka kuangalia. Kwa waifai, kompyuta zilezile, meza ileile: milisekunde 3, 2, 4, 3, 97, 3.

Muziki unauawa na ile 97. Wastani wa namba hizo unavutia, lakini kinanda hakipigwi kwa wastani. Ili sauti isikatike, upande unaopokea ungelazimika kuweka akiba ya karibu milisekunde 100 muda wote, kwa ajili ya pakiti moja iliyochelewa, na kwa mpigaji hiyo ni sawa na kubonyeza leo usikie kesho. Waifai hupokezana hewa: wakati simu ya mtu sebuleni inapakia video, pakiti yako inasubiri zamu. Kwa kudhibiti programu ukiwa mbali, kama kubonyeza cheza na simamisha kutoka chumba cha kuimbia, waifai inafaa. Kwa sauti yenyewe, nunua waya.

"Zote ziko 48,000, basi zinakwenda pamoja"

Kama ungekuwa na muda wa kusoma sehemu moja tu, ningekuambia usome hii, maana iliniumbua mimi mwenyewe.

Tulirekodi kaswida, dakika 40 mfululizo. Kadi zangu za sauti zilikuwa na tundu mbili mbili za maiki, nikaona nigawe: waimbaji kwenye laptopu, madufu kwenye kompyuta ya mezani, kila moja na kadi yake, zote zimewekwa 48,000. Tukapiga kofi moja mwanzoni na moja mwishoni ili nipate alama za kulinganishia. Nilipoziweka faili pamoja, mwanzo zilikaa kama chanda na pete. Kufika katikati, madufu yakawa na uzito fulani, kama wapigaji wamechoka. Mwishoni dufu lilikuwa linaangukia nyuma ya kiitikio waziwazi. Nikavuta picha ya sauti karibu, nikapima kofi la mwisho: tofauti ni sampuli 5,000 na ushee, zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wapigaji walikuwa hawana kosa lolote.

Kila kadi ya sauti ina kijiwe chake cha kioo kinachohesabu muda, na hakuna viwili vinavyolingana kabisa. Inayosema 48,000 inaweza kuwa 48,001, mwenzake 47,999. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni ni kitu kidogo, ila kwa saa nzima inafika sekunde 0.18. Kwenye wimbo wa dakika tatu hutaiona. Kwenye kaswida, mahubiri au tamasha, itakuaibisha.

Sauti ikipita mtandaoni papo kwa hapo, ugonjwa huohuo una dalili nyingine. Mtumaji anamimina sampuli zake, mpokeaji anakunywa haraka kidogo kuliko zinavyomiminwa. Akiba inapungua. Tuseme tofauti ni sampuli 2 kwa sekunde na akiba ni sampuli 256: kila baada ya dakika mbili hivi kikombe kinakauka na unasikia "tak!" Mtu anabadili waya. Tak. Anabadili swichi. Tak. Ikija kwa vipindi vinavyolingana, acha waya, tazama saa.

Wengine hujibu kwamba wametuma "klok" ya MIDI, kwa hiyo kila kitu kimesawazishwa. Klok ile ni mapigo 24 kwa kila robo noti. Inaieleza kompyuta ya pili tempo na mahali pa kuanzia, lakini haiamuru kijiwe cha kadi ya sauti.

Dawa ni kuwa na saa moja. Njia nyepesi ni kutumia kadi moja tu. NetJack, sehemu ya JACK, mfumo wa kuunganisha sauti kati ya programu, imejengwa hivyo: kompyuta ya pili haiendeshwi na kadi yoyote, inapika sauti pale tu pakiti inapofika kutoka kwa mkubwa wake. ReaStream ya Cockos ni rahisi zaidi kuianza, plagini moja (programu ndogo ya kuchomeka ndani ya ile ya kurekodia) inabeba sauti isiyobanwa na MIDI pia, lakini kila upande unabaki na saa ya kadi yake, kwa hiyo nayo usiipe kipande kirefu bila kusikiliza. Kama kadi zote mbili zina tundu za sauti ya kidijitali, ADAT au S/PDIF, ziunganishe kwa kebo hiyo na uweke moja imfuate mwenzake.

"Ikichelewa hata kidogo, haifai"

Kwenye 48,000, bafa, ile akiba ya sauti, ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7. Hesabu bafa tatu katika safari nzima, ya kupika, ya kusafirisha na ya kutoa: milisekunde 8. Sauti hewani huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo hiyo ni sawa na kukaa mita kama 2.7 kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa wa bendi husimama mbali kuliko hapo na amplifaya yake, halafu hutamsikia akilalamika.

"Hazionani, programu ni mbovu"

Angalia Windows imeuita mtandao wako wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, fayawoli inafunga mlango. Ubadili uwe wa binafsi, na kwa rtpMIDI ruhusu milango 5004 na 5005 ya UDP. Mara nyingi kazi imeisha hapo.

"Kompyuta mbili, nguvu mara mbili"

Kwa vinanda vinavyokula kumbukumbu, ndiyo, mzigo unagawanyika vizuri. Kwa mikisi hapana: sauti unayoipeleka nje kwa ajili ya mwangwi kisha ukairudisha inalipa nauli mara mbili. Na kama tatizo lako ni traki tano nzito, zigandishe ziwe sauti ndani ya kompyuta hiyohiyo, uachane na waya.

Ukiamua kuendelea, kumbuka kazi yako sasa inakaa sehemu mbili. Laptopu imehifadhi noti, kompyuta ya mezani imehifadhi vinanda na mipangilio yake, na ile ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, unabaki na noti zisizo na sauti. Mteja akirudi baada ya miezi sita anataka besi ipunguzwe, kompyuta ya pili imeshauzwa. Siku hizi sifungi studio kabla kila sauti iliyopita kwenye waya haijarekodiwa kama traki ya kawaida ndani ya laptopu, hata kama mdundo bado naubadilisha kesho.