Kugandisha mbegu za samaki: chakula kinaingia wapi hasa?

Naomba tuelewane kwenye hili maana wafugaji wengi huku Dar, kuanzia Kigamboni mpaka Bunju, wanalichanganya, mtu akisikia kugandisha mbegu za samaki anawaza vifaranga au anawaza friza ya sato wa kuuza. Hapana, ni shahawa za dume, zinachanganywa na maji maalum na dawa ya kuzikinga na baridi kama methanoli au DMSO, zinatiwa kwenye mirija myembamba, zinapoozwa kwanza kwa mvuke wa naitrojeni ya kimiminika (gesi iliyopoozwa mpaka ikawa kama maji) afu zinazamishwa kwenye hiyo naitrojeni yenyewe, nyuzi 196 chini ya sifuri, hapo zinakaa hata miaka. Friza ya nyumbani inaziua tu. Kwa kambale hii kitu ni muhimu sana kwa sababu dume wake hakamuliki kirahisi, mara nyingi mpaka achinjwe.

Sasa chakula, na hapa ndo panaponiudhi. Watu wanasema lisha dume vizuri, mbegu zitakuwa na nguvu, zikiwa na nguvu zitaganda vizuri. Hivyo ni vitu viwili jamani! Mbegu mbichi unaweza kuitia tone la maji chini ya hadubini ikachachamaa vizuri kabisa kwa hizo sekunde chache zake, halafu hiyo hiyo ukiigandisha na kuiyeyusha nyingi haziamki. Kinachoamua sana ni utando wake wa nje, na utando ni mafuta, na sehemu ya hayo mafuta inatoka kwenye alichokula dume. Angalia mafuta ya nazi, asubuhi ya Julai hapa hapa Dar yanaganda kwenye chupa wakati ya alizeti bado yanamiminika. Utando wenye mafuta laini, hasa DHA, aina ya omega-3 iliyomo kwenye mafuta ya samaki, haukakamai haraka baridi ikishuka. Ila mafuta hayo hayo laini ndo yanaharibiwa upesi na oksijeni, na kugandisha na kuyeyusha kunaongeza huo uharibifu, kwa hiyo ukiongeza mafuta ya samaki bila vitamini E, C na madini ya seleniamu ya kutosha, ambavyo ndo vinayakinga na oksijeni, unaweza ukajiumiza mwenyewe. Dagaa waliokaa stoo mpaka wamegeuka njano na wananuka mafuta mabovu, hao wanamaliza hata hiyo vitamini E kidogo iliyopo kwenye chakula.

Na mbegu inatengenezwa taratibu, kumshindilia dume chakula kizuri siku moja kabla ya kumvuna umeshachelewa. Wala chakula hakichukui nafasi ya ile dawa ya kukinga baridi.

Kwa hiyo muuza chakula akikwambia chakula chake kinafanya mbegu zigande vizuri, muulize tu kwa upole alipima lini, kabla ya kugandisha au baada ya kuyeyusha, na mayai yaliyorutubishwa kwa mbegu zilizoyeyushwa yalitotolewa kiasi gani. Kama alipima mbichi tu basi anaongea kweli kuhusu mbegu mbichi, habari ya kugandisha bado hajaigusa.